Taa za nyuma za gari yetu: umeme unapotelea wapi?

Tuliombwa tuseme juu ya gari, kwa sababu kwenye mkutano uliopita watu waliuliza kwa nini tulinunua ampuli za nyuma mara nne na bado taa zinasumbua. Swali ni la haki. Pesa ni ya wote.

Gari mnaijua. Hiace ya zamani, usukani kuume, iliyotembea kwanza Japani. Ndiyo inapeleka mbegu na mabati kwa familia zilizorudi upande wa Mbau na Oicha, na ndiyo inapandisha wagonjwa Butembo. Barabara ya Beni–Butembo inazidi kilomita 50, na kule Kabasha kuna kona na ukungu. Lori lenye mzigo likiwa nyuma yako pale, shofere wake hana muda wa kukisia kama umekanyaga breki. Karibu na Maboya motari mmoja alitugonga mlango wa nyuma sababu hakuona taa ya breki. Mungu alisaidia, aliumia goti tu. Ndani tulikuwa watu kumi na wawili, mmoja wao mama mjamzito.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ukiwasha taa ndogo, ya kushoto inawaka vizuri, ya kulia hafifu kama mshumaa. Ukikanyaga breki, ile ndogo ya kulia inazimika kabisa, na taa ya kona ya upande huo inang'aa kidogo wakati hakuna aliyeigusa. Shofere alisema gari ina mashetani. Garaji moja ikasema ni ampuli. Nyingine ikataka kutoa fyuzi ya 15 na kuweka ya 30. Hapo tulikataa.

Tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo pesa yenu ilikuwa inaenda bure. Umeme unatoka kwa batri, unapita fyuzi na swichi, unafika kwa ampuli. Lakini haujamaliza safari: lazima urudi kwa batri. Kwenye gari hizi, sehemu kubwa ya njia ya kurudi ni chuma cha gari yenyewe. Ndiyo mafundi wanaita masi. Ile boliti inayoshika waya wa masi ikila kutu, umeme unafanya kama mama anayetoka sokoni akakuta daraja limekatika: anazungukia kijiji cha jirani. Anafika, lakini amechoka. Vilevile umeme unaingia ndani ya ampuli ya jirani kwa mlango wa nyuma, ndiyo maana taa ya kona inang'aa bila kuitwa. Ukiona taa moja inawaka kwa kazi ya nyingine, acha kwanza kununua ampuli. Tafuta masi.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Chukua waya mrefu, upande mmoja ufunge kwa mdomo wa batri wa kutoa, yaani ule wa alama –, upande mwingine gusisha masi ya taa. Tulifanya hivyo, na taa ya kulia ikawaka palepale. Kisha tukaazima kipimo: kati ya masi ya taa na ule mdomo wa –, breki ikiwa imekanyagwa, inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya volti 3. Volti 3 kwa 12 zinabaki ndani ya kutu!

Tulifungua boliti, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaweka kichwa kipya cha waya na grisi juu yake, maana mvua ya kwetu haina likizo. Upande wa kushoto chuma kilikuwa kimeoza, tukahamisha masi kwa boliti nyingine. Viungo vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa sashe tulivikata, shaba ndani ilikuwa kijani. Tukavichomelea kwa risasi. Waya wa taa ya namba ulikuwa umekatika pale mlango wa nyuma unapokunjika, ndani ya mpira, huwezi kuuona usipouvuta.

Juu ya ile fyuzi ya 30: ampuli mbili za breki ni wati 21 kila moja, kwa volti 12 zinakula kama ampea tatu na nusu. Fyuzi ya 15 ikikatika kwa sababu yao, kuna waya unaogusa chuma mahali. Ukiweka kubwa zaidi, waya ndio utaungua, na mara nyingi kwenye gari hii kuna bidoni ya mafuta chini ya viti.

Wengine wanasema tuuze, tuombe mpya. Sisi hatuoni hivyo. Matengenezo yote yamekula pesa kidogo kuliko taa moja nzima ya nyuma, na karatasi ziko kwa mweka hazina. Tungeomba kipimo chetu wenyewe, tusiazime tena.

Kuanzia sasa, kabla ya kuondoka, mmoja anasimama nyuma na shofere anakanyaga breki taa ndogo zikiwa zimewashwa, kisha anajaribu taa za kona. Taa ya kurudi nyuma bado haiwaki, swichi yake iko kwenye giaboksi na tutaitoa Jumamosi. Mpaka hapo, gari ikirudi nyuma, konda ashuke aongoze kwa mkono, na watoto waondolewe kwanza.