Namba ya Hitilafu Si Namba ya Spea

Wahitimu wa ufundi wa magari,

Leo majoho, Jumatatu ovaroli. Mteja ataleta gari linalotetemeka likiwa sailensi. Ukikanyaga mafuta linatulia. Utachomeka mashine ya kusoma hitilafu, itaandika P0171: mafuta ni machache mno kwa hewa iliyopo. Hapo wengi hukimbilia duka la spea kununua oksijeni sensa. Sensa haina kosa, imesema ilichokiona!

Injini ikiwa sailensi, kipepeo cha throtoli kimekaribia kufunga, na injini inavuta hewa kwa nguvu. Mpira uliochanika kidogo tu kwenye manifoldi unaingiza hewa ambayo haikupita kwenye sensa ya hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Hesabu imeshavurugika, kompyuta inahangaika kuongeza mafuta. Sasa piga resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, utazame kwenye mashine asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikishuka karibu na sifuri, tafuta hewa inapoingilia. Ikizidi kupanda, geukia pampu na filta ya mafuta.

Upo mtego mwingine, nao huwaumbua hata wakongwe. Plagi isipochoma, oksijeni ambayo haikutumika hutoka na petroli mbichi kwenye eksozi. Sensa huiona oksijeni, petroli haiioni. Basi kompyuta inaongeza mafuta juu ya mafuta: gari linanuka petroli, mashine inadai lina njaa. Mwenye kipima moshi atakuta hidrokaboni na oksijeni zote ziko juu. Lakini monoksidi ya kaboni ikiwa juu na oksijeni chini, hapo kweli mafuta yamezidi. Huenda nozeli inavuja, au sensa ya joto inaidanganya kompyuta kwamba injini bado baridi. (Monoksidi ya kaboni haina harufu na inaua. Msiwashe gari gereji ikiwa imefungwa milango.)

Mashine za kuchomeka siku hizi ni bei ya chini, na wateja wengine watakuja wameshasoma namba wenyewe. Watawalipa kwa kazi inayofuata baada ya namba. Mwonyesheni mteja ule mpira uliochanika kabla hamjaubadilisha, kisha mpime tena mbele yake.

Mkuu wa chuo, vyeti viko mezani. Naomba tuanze kuwaita.