Dhahabu ya Nyumbani na Fidia ya Bima



Dhahabu tunaifahamu, Geita ni jirani yetu. Tusichokifahamu vyema ni mkataba wa bima. Wengi hudhani kwamba bima ya nyumba hulipia kila kilichoibwa. Sivyo. Kwa kawaida vito huwekewa kikomo, na kidani cha thamani kubwa sharti kiorodheshwe peke yake, pamoja na tathmini ya sonara: uzito, karati na picha.

Tathmini nayo huchakaa. Chukua bangili za shilingi milioni 10 zilizokatiwa bima ya milioni 5, kwa bei ya zamani. Mwizi akichukua za milioni 4, kampuni yaweza kulipa milioni 2 tu, kwa kuwa nusu ya hatari mliibeba wenyewe. Hapo ndipo watu hugombana na wakala bure.

Wizi ukitokea, polisi kwanza. Kisha kampuni, kwa maandishi, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Mkinyimwa haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mangalsutra ya bibi, bila shaka, hairudishwi na fedha. Hata hivyo, Diwali ijayo, mtakapovitoa vito kabatini, vipigeni picha kabla ya kuvivaa.