Jiliwa ya Baba



Nimeombwa nizungumzie kumkumbuka mzazi kwa kuwashika mkono vijana wanaotaka uhandisi na usanifu. Nitaanza na keria ya baiskeli.

Boda boda ilizaliwa kwenye mpaka huu wetu miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Lakini keria ya kiwandani ilikusudiwa mzigo mdogo. Mkalishe mtu mzima juu yake, upite kwenye mashimo mwezi mzima, chuma kitachoka pale kilipopindwa karibu na ekseli, kisha kitakatika. Marehemu baba alikuwa fundi wa baiskeli hapa Chakol. Keria iliyovunjika aliigeuza mkononi kwa muda mrefu, akitafuta ufa ulianzia wapi. Halafu alichukua chaki, akachora sakafuni mstari wa keria, mstari wa fremu, na wa tatu wa kuifunga miwili hiyo. Pembetatu. Vyuma vinne vilivyofungwa mraba ukivisukuma vinalala. Vitatu vya pembetatu havilali mpaka chuma chenyewe kipinde. Akachomelea chuma kwenye mstari ule wa tatu. Baadaye akaongeza pa kukanyagia, maana aliona akina mama walioketi upande wakining'iniza miguu karibu na spoku. Pembetatu ile ni uhandisi, na kuiona miguu ya akina mama wale ni usanifu. Baba hakuwahi kuyatamka maneno hayo mawili.

Alipofariki, ukoo ulitaka kaburi la vigae na karamu ya pombe ya ajon kila mwaka. Karamu siipingi. Wazee kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, ni njia yetu ya kumtaja aliyetangulia, na mimi mwenyewe huketi pale. Ila nilisema, na leo narudia, kwamba baba alikuwa mtu wa kazi, na kumbukumbu yake nayo ifanye kazi.

Wapo waliotutangulia. Ukitoka Malaba kwenda Jinja unapita mashamba ya miwa ya Kakira, yaliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani. Mzee huyo alifariki mwaka 1958, na mwaka 1962 ukaanzishwa wakfu wa kumkumbuka yeye na mkewe, lengo lake likiwa kukuza elimu ya sayansi na ufundi nchini Uganda. Sisi hatuna miwa wala kiwanda. Kinachonigusa ni jinsi kumbukumbu ile inavyofanana na kazi ya mwenyewe, kwa sababu kiwanda cha sukari hakisimami bila makanika, fundi umeme na mkemia.

Lakini harambee zetu hulipa karo ya muhula wa kwanza, tukapiga picha, tukatawanyika. Kijana huangukia mbele zaidi, kwenye mafunzo ya kazini, ambako basari haifiki. Mpwa wangu alirudishwa siku ya kwanza kwenye karakana moja kwa kukosa buti za usalama. Buti tu! Akakaa nyumbani mwaka mzima. Na hata mwenye digrii bado ana safari: Sheria ya Wahandisi ya Kenya ya 2011 inamtaka afanye kazi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili.

Kwa hiyo familia yetu imeamua kuchukua vijana wawili kila mwaka, mmoja wa chuo cha ufundi na mmoja wa chuo kikuu, na katika hao wawili lazima awepo msichana. Tutalipia buti, ovaroli, nauli, chumba cha kulala karibu na karakana, na vifaa vya kuchorea. Hatutauliza alama peke yake. Kila mwombaji atatuletea kitu kilichovunjika nyumbani kwao, iwe jembe, jiko au pampu ya maji, pamoja na michoro mitatu: kilivyokuwa, kilipovunjikia, na atakavyokitengeneza. Nawaomba mafundi wa soko hili mkae nasi siku ya kuiangalia, kwa kuwa nyinyi mtaona mambo ambayo mwalimu na mimi hatuyaoni.

Jambo la mwisho ni ombi kwa mkuu wa chuo hiki. Jiliwa ya baba nimekuja nayo. Iko pale mlangoni ndani ya gunia, meno yake bado yanashika. Inahitaji meza nzito ya mbao ngumu na boliti nne.