Mvua ya Jana, Ardhi ya Leo

Msikilizaji, kila Mto Msimbazi unapopanda na Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani, lawama yote hutupiwa mvua. Mvua ni nusu tu ya habari. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, ilielezwa kuwa mvua kubwa kiasi kile haikuonekana jijini tangu 1954. Lakini mwaka 1954 maji yaliteremka kwenye miti na mashamba. Leo vilima vya Kinyerezi, kule juu ya mto, vimejaa mabati na saruji. Tone lililokuwa likinywewa na ardhi sasa linakimbilia mtoni, tena limebeba mchanga unaokwenda kutua Jangwani na kuupunguzia mto kina.

Hapo ndipo modeli za kompyuta zinapotufaa. Modeli ya haidrolojia hukokotoa mvua ikinyesha, kiasi gani kitazama ardhini, kiasi gani kitafika mtoni na baada ya saa ngapi. Ya haidroliki huyapokea maji hayo na kuyapitisha mtoni, kwa upana, mteremko na madaraja yaliyopo, hadi ijulikane mtaa upi utaingia maji na kwa kina gani. Kwa njia hiyo tunaweza kuinyeshea ardhi ya leo mvua ya 2011 bila mtu kulowa.

Wapo wasemao wazee waishio Kigogo, kando ya Msimbazi, wanaujua mto kuliko kompyuta. Kweli, na modeli isiyowasikiliza ni kipofu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliingiza wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani, wakapima mitaro kwa futi kamba na kuuliza wakazi: maji yalikufika magotini au kiunoni? Majibu kama hayo ndiyo huikosoa na kuinyoosha modeli. Ila kumbukumbu ya mzee ni ya mto uliokwishapita. Haitamwambia mhandisi kitakachotokea daraja likiinuliwa. Wengine husema leteni vijiko, chimbeni mchanga. Kuchimba kunasaidia, lakini vilima visipotunzwa mchanga hurudi, na ukiupanua mto huku juu bila hesabu umewaharakishia maji walio chini.

Basi anayeomba kibali cha kujenga au kumwaga kifusi bondeni aulizwe kwanza, kwa vipimo: maji unayoyahamisha hapa, yanakwenda nyumbani kwa nani?