Kalibu ya Protini

Sonara asubuye dhahabu hutengeneza kalibu kwanza, kwani ajua ya kuwa madini yaliyoyeyuka hayana umbo ila lile yatakalopewa na chombo kinachoyapokea. Na haja iyo hiyo imewakabili wanakemia watakao chembe za metali zenye upana wa nanomita chache tu, yaani milimita moja ikigawanywa sehemu milioni, maana chembe ndogo kiasi hicho zikiachwa huru hushikamana, na zikisha kushikamana hupoteza sifa zilizotafutwa.

Kalibu iliyowafaa ilikuwamo mwilini tangu azali. Mwaka 1937 mwanachuoni Vilém Laufberger wa Czechoslovakia alitenga katika wengu wa farasi protini iitwayo feritini, ambayo ndiyo ghala ya chuma katika miili yetu sisi pia: vipande 24 vilivyojipanga vikawa tufe lenye uwazi ndani, upana wake wa nje nanomita 12 na wa ndani 8, liwezalo kuhifadhi hata atomi 4,500 za chuma. Chuma hicho chaweza kuondolewa na tufe likabaki salama. Kisha ioni za fedha au za paladiamu huingia kwa vijia vyembamba vilivyo baina ya vipande, hutiwa dawa yenye kuzipa elektroni, nazo hugeuka metali na kukua humo humo, ukuta wa protini ukizizuia zisipite kadiri yake.

Linalonistaajabisha zaidi ni lile lililotangazwa mwaka 2009 na watafiti wa Singapore, waliochanganya chumvi ya dhahabu na albumini, protini ya damu ya ng'ombe, wakatia alkali, wakaacha mchanganyiko katika joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili wa mwanadamu. Ikapatikana mikusanyo ya atomi 25 za dhahabu, yenye kung'aa rangi nyekundu chini ya mwanga wa urujuanimno. Hapakuhitajiwa dawa nyingine ya kutoa elektroni, kwa kuwa protini yenyewe ilifanya kazi hiyo na ile ya kuhifadhi.

Nawasihi basi walimu wetu wa kemia na wa baiolojia waifundishe feritini pamoja, katika somo moja, kwani mwanafunzi aliyeambiwa kuwa protini ni chakula tu amedhulumiwa nusu ya elimu yake.