Udogo Si Unyonge: Somo la Fiji katika Raga



Tarehe 11 Agosti, 2016, mjini Rio de Janeiro, vijana wa nchi moja ya visiwa walipiga magoti mmoja baada ya mwingine mbele ya Binti Mfalme Anne wa Uingereza ili wavikwe medali za dhahabu. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wameishinda timu ya Uingereza kwa pointi 43 kwa 7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba. Nchi hiyo ni Fiji, ambayo ilianza kushiriki Michezo ya Olimpiki mwaka 1956 na ambayo hadi siku ile haikuwa imeambulia medali hata moja ya rangi yoyote. Magoti yale hayakuwa ya unyonge. Yalikuwa adabu ya watu waliofundishwa nyumbani kwao kwamba mtu akipewa kitu cha heshima hukipokea kwa heshima. Unyonge ungekuwa kuogopa kuingia uwanjani.

Yafaa ieleweke kwanza Fiji ni nchi ya namna gani. Ni visiwa zaidi ya 300 vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki, na ni kiasi cha theluthi moja tu ndivyo vinavyokaliwa na watu. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 884,887. Mikoa mingi ya Tanzania ina watu zaidi ya hao. Ilitawaliwa na Uingereza tangu mwaka 1874 hadi ilipopata uhuru wake tarehe 10 Oktoba, 1970. Uchumi wake unategemea miwa, watalii, na fedha zinazoletwa na wananchi wake wanaofanya kazi ugenini. Je, nchi ya namna hiyo iliwezaje kuyapita mataifa yenye viwanja vya fahari, maabara za michezo na fedha zisizohesabika?

Wapo watu ambao wakiulizwa swali hilo hutoa jibu jepesi, kwamba Wafiji wamezaliwa na kipaji. Jibu hilo halimtoshi mtu anayetaka kujifunza. Kipaji ni kama mvua, ambayo hulinyeshea shamba lililolimwa na lile lililoachwa likaota magugu. Anayevuna ni yule aliyelima. Ukweli ni kwamba Fiji ililima, tena kwa miaka mingi, kabla ulimwengu haujayaona mavuno yake.

Mchezo wenyewe una asili ya unyenyekevu. Ulianzia katika mji mdogo wa Melrose, Uskochi, mwaka 1883, kwa shauri la mchinja nyama aliyeitwa Ned Haig, wakati klabu ya mji huo ilipokuwa ikitafuta fedha. Uwanja ni uleule wa raga ya watu 15, lakini kila upande una wachezaji saba, na kila kipindi ni cha dakika saba badala ya dakika 40. Kwa hiyo uwanja ni mpana, watu ni wachache, na muda ni mfupi. Hakuna mchezaji anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake. Anayekosa kumkamata mpinzani mara moja tu, huenda akashuhudia mpira ukitiwa chini nyuma ya mstari wa goli lake. Mchezo wa namna hiyo hautaki mitambo. Wataka mbio, pumzi, mikono myepesi, na watu wanaoelewana hata bila kusemezana.

Hapo ndipo busara ya Fiji inapoonekana. Katika raga ya watu 15 nchi kubwa ina faida, kwa kuwa ina akiba kubwa ya watu wa kila umbo na fedha za kuwatunza. Katika mchezo wa watu saba faida hiyo hupungua, na nchi ndogo inaweza kusimama sawa na nchi kubwa. Fiji haikuacha kupenda raga ya watu 15, lakini iliweka moyo wake mahali ambapo nguvu zake zingetosha. Mashindano ya Hong Kong yalipoanzishwa mwaka 1976, Fiji haikuchukua muda mrefu kujulikana: ilitwaa kombe mwaka 1977, ikalitwaa tena mwaka 1978. Mwaka 1997 ilitwaa Kombe la Dunia la raga ya saba huko huko Hong Kong kwa kuishinda Afrika Kusini pointi 24 kwa 21, ikiwa na Waisale Serevi, fundi ambaye jina lake hutajwa popote mchezo huu unapotajwa. Mwaka 2005 ililitwaa tena kwa kuishinda New Zealand pointi 29 kwa 19, na Serevi alikuwapo bado, akiwa na umri wa miaka 36.

Nyuma ya makombe hayo ipo ngazi, na ngazi hiyo yapasa iangaliwe kwa makini kuliko makombe yenyewe. Ngazi ya Fiji huanzia kijijini. Karibu kila kijiji kina uwanja wa majani, na watoto hucheza jioni bila viatu. Pakikosekana mpira, hutumia chupa tupu ya plastiki. Jerry Tuwai, aliyezaliwa katika familia maskini na ambaye baadaye alipata medali mbili za dhahabu za Olimpiki, alianza kwa namna hiyo. Kutoka kijijini mtoto huingia shuleni, ambako mashindano ya shule za sekondari ya Kombe la Deans hujaza watu uwanjani kama mchezo wa taifa. Kutoka shuleni huingia katika timu za wilaya, za polisi, za jeshi, na katika mashindano ya saba kwa saba yanayokusanya timu kutoka visiwa mbalimbali. Kwa hiyo kijana anapofika timu ya taifa, amekwisha kupita katika mikono ya watu wengi ambao majina yao hayatangazwi: mzee wa kijiji aliyelinda uwanja usijengwe, na mwalimu aliyebaki shuleni jioni na filimbi shingoni.

Ndugu, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2013 Fiji ilimwajiri Mwingereza, Ben Ryan, awe mwalimu wa timu ya taifa. Shirikisho la raga lilikuwa na hali mbaya ya fedha, hata miezi yake ya kwanza ilipita bila mshahara. Mtaalamu mwingine angefunga mizigo. Huyu alibaki, na jambo kubwa alilolifanya ni kutambua nini asikiguse. Hakuwafundisha Wafiji kucheza kama Waingereza. Ile namna yao ya kupokezana mpira wakati mtu amekwisha kukamatwa, ambayo wataalamu wengi wa Ulaya wangeiita ya hatari, aliiacha ikawa silaha. Kile alichokiongeza kilikuwa nidhamu: pumzi, chakula chenye manufaa badala ya sukari nyingi, usingizi wa kutosha, na mazoezi magumu ya kupanda vilima vya mchanga vya Sigatoka. Huo ndio utaalamu unaostahili kuitwa utaalamu, ambao humkuta mwananchi na ujuzi wake ukamsaidia kuukamilisha. Timu ile ilishika nafasi ya kwanza katika msururu wa mashindano ya dunia wa 2014/15, ikafanya hivyo tena mwaka uliofuata.

Njia haikuwa tambarare. Tarehe 20 Februari, 2016 kimbunga kilichoitwa Winston kiliipiga Fiji, kikaua watu 44 na kubomoa maelfu ya nyumba, yakiwamo makazi ya ndugu za wachezaji. Wiki mbili baadaye timu ilikuwa Las Vegas, na katika fainali dhidi ya Australia ilikuwa nyuma kwa pointi 15 kwa sifuri hadi mapumziko. Ikarudi na kushinda kwa pointi 21 kwa 15. Lakini Aprili mwaka huohuo, huko Singapore, Fiji ilikutana na Kenya katika fainali, na Kenya, ikifundishwa na marehemu Benjamin Ayimba, ikaishinda kwa pointi 30 kwa 7 na kutwaa kombe lake la kwanza katika msururu ule. Jambo hilo lafaa kukumbukwa Afrika Mashariki kwa sababu mbili. Linaonyesha kwamba mlango uliofunguliwa na Fiji haukufunguliwa kwa Fiji peke yake. Linaonyesha pia kwamba ushindi wa siku moja na ushindi wa miaka 40 ni vitu viwili tofauti, na kinachovitofautisha ni ngazi ile iliyokwisha kuelezwa.

Miezi minne baada ya kipigo cha Singapore ndipo ilipopatikana dhahabu ya Rio. Serikali ya Fiji ikatangaza siku ya mapumziko kwa taifa zima, na mwaka 2017 Benki Kuu ikatoa noti ya dola saba yenye sura ya nahodha, Osea Kolinisau. Katika Michezo ya Tokyo, iliyosogezwa hadi mwaka 2021 kwa sababu ya UVIKO, wachezaji walikaa miezi mingi kambini mbali na wake na watoto wao, wakasafiri kwa ndege iliyobeba shehena ya samaki, kisha wakaishinda New Zealand kwa pointi 27 kwa 12 na kurudi na dhahabu ya pili. Siku tatu baadaye timu ya wanawake wa Fiji iliishinda Uingereza kwa pointi 21 kwa 12 na kupata medali ya shaba, katika mchezo ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa wanaume. Ngazi iliyokuwa imefungiwa nusu ya taifa ilipofunguliwa kidogo tu, matunda yalionekana.

Hata hivyo, si haki kuusifu mti bila kutaja wadudu wanaoula. Ushindi wa Fiji una vivuli viwili.

Cha kwanza ni uchumi. Kuna methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini Mfiji hutunzwa zaidi akicheza kwa wengine. Klabu za Ufaransa na Uingereza huwachukua vijana wa Fiji kwa mishahara ambayo nchi yao haiwezi kuilipa. Wengine hufikia kuchezea mataifa mengine; Virimi Vakatawa, aliyelelewa Fiji, aliichezea Ufaransa katika Michezo ileile ya Rio. Kumlaumu kijana anayekwenda kutafuta riziki ni kosa, hasa ikiwa fedha anazozipeleka nyumbani ndizo zinazosomesha wadogo zake. Lakini hesabu ni ileile ya miwa na pamba: nchi maskini hulima, nchi tajiri hununua kwa bei yake. Kijiji na shule zimegharimia kumlea mchezaji kwa miaka 18, na klabu ya ng'ambo humpokea akiwa tayari.

Cha pili ni umoja. Wananchi wengi wa Fiji ni wajukuu wa Wahindi walioletwa na wakoloni kati ya mwaka 1879 na 1916 kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Siasa za ubaguzi kati yao na wenyeji zilichangia mapinduzi ya mwaka 1987 na ya mwaka 2000, na jeshi likapindua serikali tena mwaka 2006. Raga huchezwa zaidi na wenyeji, na wenye asili ya Kihindi hupenda zaidi kandanda. Siku ya dhahabu ya Rio wote walishangilia, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini furaha ya siku moja haigawi ardhi, haitungi sheria za haki, wala haifuti kumbukumbu za mapinduzi. Kiongozi anayedhani kombe litamfanyia kazi ya haki anajidanganya.

Mwaka 2024, huko Paris, baada ya kushinda michezo 17 mfululizo ya Olimpiki, Fiji ilifungwa na wenyeji Ufaransa katika fainali kwa pointi 28 kwa 7, ikarudi na medali ya fedha. Mataifa makubwa yamekwisha kujifunza. Sasa nayo yanatenga fedha na kuwachagua nyota wao bora kwa ajili ya mchezo huu. Shamba ambalo Fiji ililima karibu peke yake limepata wakulima wenye matrekta.

Basi somo ni nini? Somo si kwamba kila nchi inunue mipira ya raga. Nchi inayoiga mchezo wa Fiji bila kuiga kazi ya Fiji itapata mipira tu. Somo ni kwamba taifa dogo litafute kile ambacho watu wake tayari wanacho na wanakipenda, likipange tangu kijijini na shuleni, likiongezee ujuzi na nidhamu, kisha livumilie. Na somo la pili, ambalo Fiji yenyewe ingali ikilisoma, ni kwamba heshima ya taifa haijengwi kwa kumpongeza mshindi uwanja wa ndege huku ikimwacha bila posho kambini.

Mambo hayo yamo mikononi mwa watumishi na walimu kuliko yalivyo mikononi mwa wachezaji. Ofisa wa ardhi anayekataa kuugawa uwanja wa shule uwe viwanja vya nyumba ameliwekea taifa akiba. Mhasibu anayehakikisha posho ya wachezaji inafika kwa wakati amefanya kazi ya ulinzi wa heshima ya nchi. Mwalimu anayewatoa watoto wote uwanjani, wasichana kwa wavulana, anapanda mbegu ambayo huenda asiione ikichanua. Hakuna noti itakayochapwa sura zao. Lakini wasipokuwapo hao, hakuna atakayepanda jukwaani.