Mashini ya Biro Ikipata Joto, Daftari Letu Njo Linaungua

Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano wa wanachama, Lubunga, Kisangani



Leo tulipaswa kuanza na mambo ya mbegu na michango. Yatafuata. Mama katibu ametuomba tuanze na mashini, ile ordinatere ya biro, au kompyuta kama wanavyosema ndugu waliorudi kutoka Uganda. Tunasikia wengine wanasema chini chini: mashini ni mambo ya vijana, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu daftari letu lote limo ndani yake.

Kumbukeni daftari lile lilivyozaliwa. Mapigano yalipoanza hapa Lubunga mwaka 2023, watu walivuka mto na nguo za mwilini. Nyumba zilipoungua, karatasi nazo ziliungua. Wazee waliokuwa mjini wakati wa vita vya siku sita, Juni 2000, wanajua jambo hili: mtu anakimbia na mtoto mgongoni, hakimbii na kabati ya karatasi. Kwa hiyo mlipoanza kurudi, tulipita pamoja nanyi nyumba kwa nyumba. Tuliandika jina la mkubwa wa familia, watoto wangapi, shamba liko upande gani, jirani gani anashuhudia mpaka wake, nani amechanga, nani alisaidiwa alipopata msiba. Kwa familia nyingi hapa, mstari ule mmoja njo karatasi pekee iliyobaki.

Na mistari hiyo yote ilikuwa mu diski moja, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo za kanisa.

Sasa tuwaeleze kilichotokea. Siku ile wafadhili walikuwa wanangoja orodha ya watoto wa shule. Kuran ilikuwa hakuna, tukawasha jenereta. Saa nane ya mchana, mabati yanawaka, mu biro tuko watu saba. Mashini ikaanza kuchelewa, halafu picha ikasimama. Tukasikia ndani yake tak, tak, tak. Mama katibu akatuangalia, sisi tukamwangalia. Hakuna aliyesema neno. Kila mmoja alikuwa anafikiri kitu kimoja: daftari.

Tuliizima, tukaiacha saa mbili ipoe. Ilipowaka tena, tulipima joto la diski. Kuna programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo, inasoma namba ambazo diski yenyewe inajiandikia. Baada ya dakika arobaini za kazi ilionyesha digri 56. Diski nyingi za mashini za mezani zimeandikiwa mpaka wa juu wa digri 60. Tulikuwa mlangoni kabisa.

Hapo tulifanya kosa la kwanza, na tunaliungama mbele yenu. Tulitoa ubavu wa mashini, tukaiacha wazi, tukisema sasa hewa itaingia bila shida. Tulipopima tena, moyo wa mashini, ile prosesa, ulikuwa umepoa kidogo, lakini diski ilikuwa kwenye 54. Karibu pale pale. Tulishangaa. Mashini iko wazi kama mlango wa kanisa, na diski bado inaungua?

Jibu lake linaonekana hapa mtoni kwetu. Mnajua jinsi Wagenia wanavyotega vikapu vyao kwenye maporomoko. Hawaweki kikapu mahali popote penye maji. Wanaweka pale maji yanapopita kwa nguvu. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Mashini ya mezani imetengenezwa ili hewa iingie mbele, chini, ipite juu ya diski, ipande, itokee nyuma, juu. Ukitoa ubavu, ile feni ya nyuma inavuta hewa ya pale pale karibu yake, njia fupi. Hewa ya mbele inasimama. Diski inabaki mu maji yaliyotuama. Basi, kazi ni kuipatia hewa njia moja nzuri, na njia hiyo ipite pale diski ilipo.

Tulipoangalia mashini yetu kwa macho hayo, tulikuta njia imefungwa mahali patano.

Kwanza, kitambaa. Mama mmoja wa kamati alishona kitambaa kizuri cha kufunika mashini isipate vumbi. Tunamshukuru, kitambaa kinabaki. Lakini kinawekwa mashini ikiwa imezimwa na imepoa. Sisi tulikuwa tunakiinua mbele tu, nyuma kimeziba.

Pili, matundu ya mbele. Mashini ilikuwa inakaa chini, kwenye sakafu, imesukumwa ukutani. Yale matundu madogo yalikuwa yamejaa vumbi na nywele, yamekuwa kama blanketi. Tuliisafisha kwa brashi laini ya rangi, ile mpya isiyoguswa na rangi. Unapopiga brashi kwenye feni, ishike kwa kidole isizunguke.

Tatu, feni ya mbele haikuwepo. Mahali pake palikuwepo, matundu manne ya skrubu yako tayari, lakini aliyeiuza mara ya kwanza huko Ulaya hakuiweka. Tulitoa feni ya milimita 80 mu mashini iliyokufa, hatukulipa hata franka. Iangalieni vizuri kabla ya kuifunga: feni ina upande wa kuvuta na upande wa kusukuma. Hewa inatokea upande ule wenye mikono midogo inayoshika kitovu cha feni. Feni nyingine zina mshale ubavuni. Ya mbele inasukuma ndani, ya nyuma inasukuma nje. Ukigeuza moja yao, zinapigana, na hewa haiendi popote. Kama huna hakika, shika kipande cha karatasi mbele yake: kikivutwa, hapo hewa inaingia.

Nne, nyaya. Mashini za zamani zina nyaya pana za kijivu, bapa kama mkanda, kutoka kwenye diski. Zetu zilikuwa zinaning'inia katikati kama pazia. Tulizikunja polepole kwa urefu, tukazifunga pembeni kwa kamba ndogo. Usikunje kwa nguvu mpaka zivunjike.

Tano, diski mbili zilikuwa zimebebana, moja juu ya nyingine, hakuna nafasi hata ya kupitisha kidole. Kila moja inazunguka mara 7,200 kwa dakika, kila moja inatoa joto, na ya juu inapokea la ya chini. Tuliacha chumba kimoja kitupu katikati yao. Tena nyuma kulikuwa na tundu refu lililoachwa wazi, kifuniko chake kimepotea. Hewa ilikuwa inaingilia pale badala ya mbele. Tuliliziba kwa kipande cha katoni ngumu, tukakibana vizuri kisiguse vyuma vya ndani.

Halafu tukarudisha ubavu. Tukaweka mashini juu ya meza ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja. Kazi ile ile, saa ile ile ya mchana, mabati yale yale: digri 43. Digri kumi na tatu chini, na hatukununua kitu ila brashi.

Msitazamie iwe baridi kama friji. Feni haitengenezi baridi. Inasukuma tu hewa iliyopo, na diski haiwezi kupoa kuliko hewa inayopita juu yake. Hapa kwetu tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, hewa ya mchana chini ya mabati ni moto. Kwa hiyo kazi nzito tuifanye asubuhi. Na dirisha la biro lifunguliwe kabla ya jenereta kuwashwa, na jenereta ikae mbali na dirisha, si kwa ajili ya mashini tu, lakini kwa ajili ya pumzi zetu pia, moshi wake unaua.

Maneno mawili ya hatari kwa vijana wetu wenye mikono myepesi. Kabla ya kufungua mashini, chomoa waya ukutani, si kuzima tu. Gusa chuma cha boksi ili umeme ulio mwilini mwako utoke. Na lile boksi la umeme lenye feni yake nyuma, ambamo mende wanapenda kulala, usilifungue hata siku moja. Ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Diski yenyewe pia haifunguliwi. Ile sindano inayosoma inaelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba kuliko punje ya vumbi. Ukiifungua uipulize, umeiua. Na kama ina kitundu kidogo juu yake, usikizibe kwa plastiki, inapumulia pale.

Sasa tunafika kwenye kosa la pili, lile kubwa. Tulisafisha mashini, tulifurahi na digri zetu 43, tukapiga makofi. Kijana mmoja wa chama, anayesoma hapa mjini, akatuuliza: na daftari mmelinakili? Tukanyamaza. Tulikuwa tumeshinda siku nzima tunahamisha diski ya zamani, tunavuta nyaya zake, nayo imeshaanza kugonga, na nakala hatuna. Ingeanguka kutoka mkononi siku ile, leo tungekuwa hapa tunalia. Ilitakiwa kunakili kwanza, halafu brashi.

Turudi kwenye zile namba za diski. Iko moja inayohesabu vipande vya diski ambavyo havisomeki tena vizuri. Ya kwetu ilikuwa inaonyesha 8. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walitoa uchunguzi wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Walikuta joto si adui mkubwa kama watu walivyodhani: kwa diski changa halikuonekana kuharibu sana, lakini kwa diski zilizozeeka, za miaka mitatu na zaidi, joto la juu lilikwenda pamoja na vifo vingi. Walikuta pia kwamba diski ikianza kuonyesha makosa ya kusoma, hatari ya kufa siku zilizo karibu inapanda sana. Na zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa alama yoyote kati ya zile kubwa walizozifuata. Zilikufa tu, bila kuaga.

Hapo njo penye fundisho la leo. Kupoza mashini ni kununua muda. Muda huo si wa kukaa na kuufurahia. Ni wa kunakili daftari.

Tulinakili usiku ule ule. Kamati imekubali, na leo tunaomba mkutano uthibitishe, mambo haya manne.

Daftari litakaa mahali patatu: mu mashini ya biro, mu flashi moja inayokaa hapa Lubunga kwa mweka hazina, na mu flashi nyingine inayovuka mto na kukaa Makiso. Kwa nini ng'ambo? Wenyewe mnajua. Siku ya shida, kitu kilichokaa upande mmoja kinapotea chote pamoja.

Kila Jumamosi asubuhi nakala zinafanywa upya, na mama katibu anaandika tarehe na joto la diski mu kaye iliyo ukutani. Ikipita digri 50, tunasimamisha kazi na kutafuta sababu.

Nakala zinafungwa kwa neno la siri, na hakuna anayeweka orodha mu telefone yake. Ndugu zetu, hili tunalisema kwa uzito. Orodha ya majina, nyumba na mashamba ni msaada mikononi mwetu. Mikononi mwa mtu mwenye hasira, ni kitu kingine. Tumeona mengi kule nyuma, hatuna haja ya kueleza.

Na kila miezi mitatu karatasi zinapigwa, kila familia inapata ukurasa wake, na inasoma mstari wake kama uko sawa. Mashini isitufanye tusahau kwamba daftari ni la watu.

Kwa marafiki wanaotutegemeza: kazi hii yote imetugharimu flashi mbili na brashi moja, zimelipwa kutoka mchango wa wanachama, mweka hazina ana karatasi zake. Diski ya zamani bado inafanya kazi, lakini namba yake imepanda kutoka 8 mpaka 11. Haitamaliza mwaka mwingine, hivyo ndivyo tunavyoona. Tunahitaji diski moja mpya, na tunawaambia mapema, wakati daftari bado ni zima, kuliko kuwaandikia siku tumelipoteza.

Wapendwa, yule mama wa kitambaa ametuuliza leo asubuhi kama tumemkasirikia. Hapana mama. Ulitaka kulinda kitu chetu, kama sisi sote. Tulikosa tu kujua kwamba nacho kinahitaji kupumua.

Sasa twende kwenye mbegu.